Midomo ya Mhandisi Khatibu

Mlango wa Mhandisi Khatibu haukuwa na ufunguo. Ulikuwa na kitasabusu, kioo cha ukubwa wa kisahani cha kahawa. Ukikibusu kinasoma mikunjo ya midomo yako, kinakutambua, kinakufungulia. Khatibu mwenyewe ndiye aliyekibuni, na Wete nzima, enzi hizo za majumba yanayoelea, ikakipenda mpaka watu wakasahau funguo zilivyokuwa.

Tatizo lilikuwa sauti yake. "Karibu, bwana wangu, leo umependeza," kilimwambia kila jioni, laini kama halua. Mzee wa watu, na mvi zake, akaanza kujipaka mafuta ya mdalasini midomoni kabla ya kurudi nyumbani.

"Mlango unaupelekea mdalasini, mimi unaniletea harufu ya grisi," mkewe, Bi Zuwena, alimtania.

Jumapili ya ndoa ya binti yao Raya, wageni wakiwa wamejaa ndani, Khatibu alitoka kumpokea sheikhe. Aliporudi akabusu. Midomo yake ilikuwa imevimba tangu asubuhi kama maandazi yaliyozidi hamira.

"Sikujui," kikasema kitasa.

Akabusu tena, kwa nguvu.

"Mwizi!" Mlango ukajifunga nje na ndani, kama alivyoufundisha mwenyewe. Hakuna wa kuufungua isipokuwa midomo ya mwenye nyumba. Kuta za nyumba na nondo za madirisha hata kimondo kisingezikwaruza. Alishajisifu hivyo kwenye runinga. Na Ijumaa Raya na mumewe Sleyum walitakiwa wapande chombo cha kwenda Mwezini. Kingine ni baada ya miaka miwili.

"Ndoa kwanza," akasema sheikhe. Khatibu akapenyeza mkono kwenye nondo za dirisha, Sleyum akaushika kwa ndani, na ndoa ikafungwa hivyo hivyo. Vigelegele vikatoka nje vyenyewe. Wenye navyo wamebaki ndani.

Ndipo ikaitwa tabibunyuki, mashine ya uganga irukayo. Ikamulika midomo ya mhandisi.

"Unapaka nini?"

Khatibu akalamba midomo.

"Sema, mwanamme!" Bi Zuwena akafoka dirishani.

"Mdalasini."

"Ngozi yako imeukataa," ikasema mashine. "Huu ni mchochota. Damu imekimbilia midomoni kupigana na kinachoiudhi, ndiyo maana pamevimba, panawaka, pamepasuka. Nawe unalamba. Mate yakikauka, yanaikausha ngozi zaidi. Acha mdalasini, pilipili na ndimu. Dawa hii ya kutuliza uvimbe, paka kiasi kidogo. Juu yake mafuta mazito yasiyo na manukato, mara kwa mara. Na ulimi ubaki ndani."

Wageni wakapeana zamu za dirishani kumlinda.

"Mhandisi, ulimi!"

"Sijalamba!"

"Nimeuona, baba mkwe! Mwekundu ule!"

Ndani wanakula pilau na achari. Yeye barazani anakunywa uji uliopoa. Bi Zuwena alisogeza kiti dirishani, wakapiga soga mpaka visa vya ujana wao vikaanza kuwachekesha upya.

Ijumaa asubuhi midomo ilikuwa imenywea. Khatibu akaisogeza kwenye kioo.

"Karibu, bwana wangu."

Mlango ukafunguka, umati ukamwagika. Raya akamrukia baba yake shingoni, kisha akakimbilia chombo, viatu mkononi, Sleyum nyuma yake na sanduku.

Jioni nyumba ilikuwa kimya. "Leo umependeza," kitasa kikasema. Khatibu akagundua kwamba tangu akibuni hajawahi kuzungumza na mkewe kama alivyozungumza naye wiki ile, nondo zikiwa katikati. Bi Zuwena akamnyooshea bisibisi. Hakubisha.

Kesho yake jirani yao Mzee Hamadi alikuja kurudisha sinia. Akakuta pale pa kitasa pana tundu. Akasimama amechongoa midomo, akizungusha shingo huku na huku, hajui pa kubusu.

Ndani watu wawili wakaangua kicheko.

"Irudishe midomo yako, Mzee Hamadi!" akaita Bi Zuwena. "Hapa siku hizi tunapiga hodi!"