Mkono wa Kija

Shuleni kwetu, pale Pasiansi, siku ilianza kwa mchakamchaka. Tulikimbia mpaka karibu na ziwa tukiimba, kisha tukarudi na kila mtu akaingia kwenye zamu yake: wengine kufagia, wengine kumwagilia bustani, wengine kuchota maji. Mwaka huo wa 1994 nilikuwa darasa la sita, na zamu yangu nilikuwa nimejichagulia mwenyewe. Nilichota maji. Nilibeba hata ndoo za wenzangu, ilimradi mtu asinipe mbegu mkononi.

Sababu ilikuwa nyumbani. Bibi Suzana, mama yake baba, aliamini kwamba kuna watu wenye mkono wa kuotesha na wengine hawana. Mvua zilipokaribia, yeye ndiye aliyeamua nani atatia mbegu za kwanza, na kila mwaka alimchagua mdogo wangu Pius. "Mume wangu huyu," alisema akimpapasa kichwa, "hata akipanda njiti ya kiberiti itatoa majani." Mimi, dada yake, niliwahi kupewa mstari mmoja wa karanga nilipokuwa na miaka saba. Haikuota hata moja. Tangu siku hiyo bibi alisema mkono wangu ni wa kiangazi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama watu wanavyosema huyu mrefu, yule mfupi. Nami nilimwamini, maana sikuwahi kumsikia akikosea.

Zamani jambo hilo halikuniuma sana, kwa kuwa baba alikuwa na kazi. Lakini kiwanda cha kuchambua pamba alichokuwa akifanyia kazi kilipata mmiliki mpya, watu wakapunguzwa, na baba akawa mmoja wao. Mama akaanza kuuza mitumba sokoni Igoma. Kipande chetu cha bustani kando ya ziwa ndicho kikawa kinatulisha. Kila jioni wote walikuwa wameinama kwenye matuta, hata Pius wa miaka tisa, nami nimesimama pembeni na ndoo yangu kama mgeni. Niliona haya kula mboga ambayo sikuwa nimeipanda.

Muhula wa pili akaja Mwalimu Rwehumbiza kutoka Bukoba. Alikuwa mwembamba, mpole, na alivaa mabuti ya mpira hata anapofundisha hesabu. Siku ya kwanza bustanini alitangaza kwamba kila mwanafunzi wa darasa la sita atakuwa na kitalu chake cha nyanya, na miche itakayoota ataipeleka nyumbani kwao.

"Kitalu chako utapanda mwenyewe," alisema. "Sitaki kusikia fulani amempandia fulani."

Nilitaka kukataa. Lakini papo hapo nikawaza jambo jingine: ikiwa nitafika nyumbani na miche niliyoiotesha mimi, bibi atanisema nini tena? Nilitaka hilo kuliko kitu chochote. Nikapanda.

Siku ya nane vitalu vya wenzangu vilikuwa na kijani. Changu kilikuwa udongo mtupu. Mwalimu akanipa mbegu nyingine, nikapanda tena, na siku ya nane ikafika tena. Udongo ule ule. Winnie, niliyekaa naye dawati moja, alijitahidi kunifariji. "Labda upande wako kuna mchwa," alisema. Nilimshukuru, ila nilijua sio mchwa.

Mchana ule nikamfuata mwalimu nje ya ofisi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Kija. Mbona uso umekunjamana?"

"Naomba kitalu changu umpe Winnie. Mimi nitawachotea maji wote."

"Kwa nini?"

"Mkono wangu hauoteshi, mwalimu. Hata nyumbani wanajua."

Wengine wangecheka. Mwalimu Rwehumbiza aliingia ofisini, akatoka na kikopo cha mbegu, visosi viwili na kipande cha kitambaa. Akakichana kitambaa katikati, akalowesha vipande vyote viwili. "Kwenye hiki panga mbegu kumi kwa mkono wako huo huo," alisema. "Kwenye kile nitapanga kumi mimi. Tutavifunika na kuviweka juu ya kabati langu, tusiviguse isipokuwa mimi kuongeza maji. Tuone mkono unasemaje."

Baada ya wiki moja aliniita, akafunua vitambaa. Kwenye kisosi chake zilikuwa zimeota mbegu nane. Kwenye changu zilikuwa zimeota tisa. Nilizihesabu mara tatu, nikidhani nimechanganya visosi.

"Cha kwako ni hicho, usihangaike," alisema akicheka. "Umenishinda! Mimi mtoto wa wakulima wa migomba, umenishinda. Sasa niambie, kama mkono hauna kosa, kosa liko wapi?"

Alinipa mbegu nyingine, akabakiza za kupanda kitalu kimoja tu ndani ya kikopo, akaniambia nipande tena.

Asubuhi ya nne nilifika shuleni mapema, kabla ya kengele ya mchakamchaka, kama nilivyokuwa nikifanya kila siku. Nilipiga magoti kwenye kitalu changu, nikaokota kijiti, nikaanza kufukua polepole. Sikuwa nimesikia mabuti ya mpira yakija nyuma yangu.

"Unatafuta nini, Kija?"

Nilishtuka. "Naangalia kama zimeanza, mwalimu."

"Na zile za kwanza uliziangalia hivi?"

"Ndiyo, mwalimu. Kila asubuhi. Na saa ya kurudi nyumbani." Nikaongeza, maana nilikuwa najua kabisa kwa nini: "Nilikuwa naogopa hazitaota."

Alichuchumaa kando yangu, akachukua mbegu moja kutoka kwenye udongo nilioufukua, akaiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa imepasuka, na kimzizi cheupe, chembamba kama uzi, kilikuwa kimetoka. Kilikuwa kimevunjika katikati.

"Hii ilikuwa imeshaota," alisema taratibu. "Umeivunja sasa hivi."

Nililia pale pale. Nilizililia mbegu zote nilizozifukua kwa majuma matatu, zilizokuwa zikijitahidi kuota huku mimi nikizisumbua. Mwalimu hakunikataza. Aliponiona nimetulia, alinimiminia kiganjani mbegu zote zilizobaki kwenye kikopo.

"Hizi ndizo za mwisho," alisema. "Panda, mwagilia, funika kwa nyasi kavu, halafu uziache. Siku saba. Maji utamwaga juu ya nyasi. Ukifukua tena, sina nyingine ya kukupa."

Zile siku saba nazikumbuka kuliko mitihani yangu yote. Siku ya tatu nilisimama mbele ya kitalu mikono nimeibana kwapani, mpaka Winnie akaja kunivuta. "Twende, utakitoboa kwa macho," alinitania. Siku ya tano nililala nikiota kwamba nyasi zimepeperuka na chini hakuna kitu. Lakini kwa kuwa muda niliozoea kufukua sasa ulikuwa wazi, niliutumia kufanya kazi nyingine. Nilibeba samadi. Nilipalilia njia za bustani. Nilimwuliza mwalimu maswali ambayo zamani nilikuwa naogopa kuyauliza, nikayaandika majibu nyuma ya daftari la sayansi.

Siku ya nane alikuja na kusimama nami. "Haya, funua."

Niliinua nyasi kidogo kidogo. Miche ilikuwepo. Imejikunja migongo, mingine bado imevaa maganda ya mbegu kichwani kama kofia. Nilihesabu mpaka arobaini na tatu, kisha macho yakajaa machozi nikashindwa kuendelea. Niligeuka kumshukuru mwalimu. Akaniambia tu, "Mwagilia, jua linapanda," akaenda zake darasani.

Miche ilipokomaa niliibeba nyumbani kwenye karai, nikaitua mbele ya bibi. Alikuwa anachambua maharage. Akaacha, akagusa jani moja.

"Nani amekuoteshea?"

"Mimi, bibi."

"Wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Nilimweleza yote, visosi, kijiti, nyasi. Baba alikuwa ameketi mlangoni akisikiliza. Bibi alisukuma pembeni maharage yake, na nilianza kuogopa kwamba nimemkosea heshima. Kisha akasema, "Mwaka ule wa karanga mvua ilikatika mapema. Hata mistari yangu mimi haikuota. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta wa kumlaumu, nikakuona wewe mdogo usiyeweza kunijibu. Halafu nikalisema mara nyingi mpaka mimi mwenyewe nikaliamini. Nisamehe, mjukuu wangu."

Sijui kama kuna mtoto mwingine pale mtaani aliyewahi kuombwa msamaha na bibi yake. Mimi niliombwa, na namshukuru mpaka leo. Nilimkumbatia, na jioni hiyo tulipanda miche pamoja. Yeye alichimba mashimo, mimi nikaweka mche mmoja mmoja, na Pius, kwa mara ya kwanza, ndiye aliyebeba ndoo. Alilalamika njia nzima kwamba ni nzito.

Tulipokuwa tunanawa mikono ziwani, baba alikuja akasimama karibu yangu. Kwa kawaida alikuwa mtu wa maneno machache, na tangu aachishwe kazi yalikuwa yamepungua zaidi.

"Kija," alisema, "unajua mimi nimeanza kazi ngapi tangu nitoke kiwandani?"

"Sijui, baba."

"Tatu. Nilitengeneza baiskeli wiki mbili, sikupata wateja wengi, nikaacha. Nikauza mafuta ya taa, nikaacha. Nikaenda kujifunza useremala kwa fundi Shimba, siku nne tu. Kila asubuhi nilikuwa najiuliza, je, inashika? Haishiki? Mzee kama mimi ataweza? Nikiona bado, naing'oa." Akatazama mikono yake. "Leo mwanangu amenionyesha nilichokuwa nafanya. Mtu anayejitilia shaka kila siku haipi kazi yake nafasi ya kuota mizizi. Fanya sehemu yako vizuri, jifunze usichokijua, halafu kuwa na subira. Ahsante, mama."

Baba hakuwahi kuniita mama kabla ya hapo. Jumatatu alifungasha spana zake, akarudi barabarani kutengeneza baiskeli. Wiki ya kwanza alipata wateja wawili, ya pili mmoja. Wiki ya tatu, ambayo mara ya kwanza hakuifikia, aliondoka nyumbani asubuhi kama kawaida.