Kombe la Hajiya Tabawa

Mlango wa ukaguzi wa uwanja wa ndege ulilia, na hakukuwa na mtu ndani yake.

"Umezeeka huo," alisema Bitrus kutoka kwenye kiti cha mashine ya mizigo. "Nao unataka likizo."

Abiria walicheka. Ladidi hakucheka. Miaka sita alikuwa akisimama pale kuwapapasa wanawake wanaosafiri, na mlango ule aliuzoea. Tangu Jumatatu ulikuwa unalia kila akiupa mgongo, na ndoo ya vitu vilivyokatazwa ilinuka wino wa masizi, ingawa ilishaoshwa kwa sabuni mara mbili.

Tuseme ukweli, alijua harufu hiyo imetoka wapi.

Jumatatu alipita bibi mmoja, Hajiya Tabawa, anakwenda Jeddah kwa mwanawe, mjukuu wake Zulai amelala fofofo mgongoni. Mkobani alikuwa na chupa ya kombe, yale maji meusi ya aya zilizooshwa ubaoni, ambayo huku kwetu kaskazini hakuna mtoto asiyewahi kunyweshwa. Chupa ilizidi kipimo, lakini dawa huruhusiwa mwenyewe akiionja.

"Leo nimefunga, mwanangu," bibi alinong'ona. "Nionjee wewe. Si unalijua?"

Nyuma yao walisimama wakaguzi wawili wa kigeni na makaratasi yao. Mmoja akauliza ni kitu gani kile. Na Ladidi, ambaye baba yake aliwaandikia watu makombe mpaka siku ya kufa kwake, aliona haya.

"Sijui," alisema. "Maji machafu tu."

"Basi ngoja, nitafungua saumu yangu..."

Mkono wa Ladidi ulikuwa umeshalimwaga ndooni. Bibi hakulaani. Alisema tu, "Kuna mwenzetu anayekaa na mtoto huyu. Alikuwa anayaogopa maji hayo." Walipovuka, mlango ulilia. Zulai akaamka mzima, anacheka, anaomba chakula, kana kwamba kuna mzigo umeshuka kwake ukabaki pale.

Jumatano Ladidi alikuwa akimpapasa mama mmoja mnene, mikono ikishuka mbavuni, kiunoni, juu ya gauni pana, na hapo, chini ya kitambaa, ilhali mikono ya yule mama ilikuwa imeinuliwa juu kila mtu akiiona, kukawa na mkono mwingine, mkavu, wa baridi, uliovishika vidole vyake na kuvibana taratibu, kama unavyomshika jamaa uliyemkosa siku nyingi, wala haukumwachia mpaka yule mama akauliza, "Vipi dada, umepata nini?"

Alipotoka kazini alikwenda kwa Malam Shitu, mwalimu wa Kurani aliyemwandikia bibi kombe lile. Alieleza yote akiangalia mkeka. Malam alimpa chupa mbili.

"Hii ndogo ya mtoto, iende na ndege ya kesho. Nitampigia bibi nimpe na namba yako. Hii yako, inywe mlangoni baada ya mtoto kunywa. Jini likifukuzwa hurudi lilikozoea. Ukitangulia wewe, umemrudishia mtoto. Umenisikia?"

"Nimesikia, Malam."

Basi Alhamisi hiyo mlango ulipolia bila mtu na Bitrus akatania, chupa zote mbili zilikuwa mfukoni mwake, na abiria wa Jeddah walikuwa wanapita. Ilibaki kumwomba mmoja tu. Lakini ukutani palikuwa na tangazo, usipokee mzigo wa mtu usiyemjua, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasomea watu maneno hayo kila siku. Alimchagua mama mwenye sura ya upole.

"Mama..."

"Naam, mwanangu?"

Bitrus aligeuka kuwatazama.

"Vua viatu," alisema Ladidi.

Alisema hivyo hivyo kwa aliyefuata, na aliyefuata, mpaka wa mwisho akapita na ndege ikaondoka, na hapo ndipo ule mkono mkavu ukaingia ndani ya sare yake, ukapanda mgongoni kidole kwa kidole mpaka kwenye koo, na yeye, bila kufikiri tena habari ya mtoto wala ya Malam, akaugeukia ukuta akanywa chupa yake yote. Mlango ukanyamaza. Harufu ikakatika. Alilia kwa raha.

Simu ikaita.

"Mwanangu, Zulai kaanguka sasa hivi! Anasema kwa sauti ya kiume. Lakini Malam kaniambia umelituma kombe. Kalibeba nani, nikampokee uwanjani?"

Ladidi aliishika chupa ndogo mfukoni. Bitrus alikuwa akimtazama.

"Mama mmoja, Hajiya," alisema. "Ana mtandio wa kijani."

Hajiya Tabawa alimshukuru, akamwombea dua ndefu, akasema anatoka sasa hivi ili mama huyo asije akampita.