Udongo Ulioanikwa Kama Wimbi

Jumapili asubuhi, Nyangate alitandaza turubai nje ya nyumba yake huko Manga. Akaanika wimbi, mahindi na maharagwe. Kisha akaona mfuko wa udongo mbichi mlangoni. Nao akaumwaga juani! Kwake, kitu kibichi hakihifadhiwi.

"Nimekusaidia," alimwambia bintiye, Sharon, aliyeuchimba udongo huo kwa masomo. "Ungeota ukungu."

Sharon akashukuru. Siku mbili baadaye akaupeleka chuoni, Kisii mjini.

Darasa lao lilikuwa likitafuta faji udongoni. Hawa ni virusi wadogo mno wanaoshambulia bakteria. Kila mwanafunzi alitakiwa kumpata faji wake na kumpa jina. Asiyempata angesoma wa mwenzake.

Sahani ya maabara ya Mose, mwanafunzi mwenzake, ilijaa madoa, dalili ya faji. Sahani ya Sharon ilikuwa na utando wa bakteria tu.

"Bakteria wako wamenona!" Mose alimtania. "Usilie. Nitakuazima faji wangu, umlee."

"Lea wako mwenyewe!" Sharon alifoka. Lakini machozi yalikuwa karibu.

Madam Kinsi, fundi wa maabara, akauliza, "Udongo uliuwekaje?"

"Mama aliuanika."

Kinsi alicheka mpaka akashika meza. "Mlitaka kusaga unga wa ugali? Jua kali na ukavu huua faji wengi. Chukua udongo wenye unyevu, penye vitu vinavyooza. Huko kuna bakteria wengi, na penye bakteria pana faji. Funga mfuko, uweke kivulini, ulete upesi. Sahani imebaki moja."

Kesho yake alfajiri, nyumbani Manga, Sharon alichimba chini ya migomba, kando ya samadi.

"Udongo mchafu huo!" mama akashangaa. "Hao virusi hawatatuua?"

"Faji hawashambulii watu, mama. Ila udongo una vijidudu vingine, ndiyo maana nanawa kwa sabuni."

Maabarani, Sharon alichanganya udongo na maji maalum, akatikisa, akachuja kwa chujio lenye vitundu vidogo mno. Bakteria walizuiwa, faji wakapita. Maji hayo akayachanganya na bakteria wa maabara, akamimina kwenye sahani.

Siku iliyofuata alifumba macho. "Mose, nitazamie. Naogopa."

Mose alitazama. Mzaha ukamtoka. "Sharon... kuna matundu!"

Madoa kumi na saba, safi kabisa! Kila doa ni mahali faji walipoua bakteria. Sharon alipiga kelele, darasa la jirani likaja mbio.

"Umempata. Sasa mchunguze umjue," alisema Kinsi.

Basi Sharon alichukua doa moja, akalikuza tena na tena mpaka madoa yote yakafanana. Alipima ukubwa wa madoa hayo. Alimjaribu faji huyo kwa bakteria wa aina nyingine. Hatimaye darubini yenye nguvu ikamwonyesha: kichwa chenye pande nyingi, na mkia mrefu.

Sharon akampigia mama simu. "Nimempa jina."

"Asije akaitwa jina langu, ametoka kwenye samadi!"

"Nimeshaandika, mama. Nyangate."

Kisha Sharon akasikia mama akimwita baba kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde:

"Makori! Wacha hayo majani chai, njoo! Nina wajina chuoni, tena ana mkia!"