Waya Chini ya Mawe

Jua lilikuwa linazama Kanamkemer, na stima ingekatwa wakati wowote. Lodwar ndiyo hiyo. Ayak aliinamia kompyuta kongwe ya duka lake la kutaipu, moyo juu. Diski yake ilikuwa inakata roho, na ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake akiimba, aliyoirekodi Ayak katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kabla mama hajafa. Picha hakuwa nayo, wala kaseti. Ilikuwa sauti hiyo basi.

Kompyuta mpya ilikuwa chumbani kwao, ng'ambo ya ua. Waya mrefu uliunganisha mashine hizo mbili. Lual, mumewe, alikaa huko akitazama faili likiingia.

"Imefika wapi?" Ayak aliita.

"Inatambaa! Hata kobe ana nafuu!"

Walikuwa wamebadilisha viungio vya waya, wapi! Wamezima na kuwasha, wapi! Basi Ayak akatoka, akaufuata waya kwa mkono. Mzima... mzima... mpaka kwenye rundo la mawe katikati ya ua. Siku ya kuutandika alidhani ni masalio ya ujenzi, akaupitisha chini yake ili mbuzi wasiutafune.

Hapo ulikuwa wa moto.

Akanusa tumbaku. Kisha akasikia... mtu anapumua.

"Nani alisema wewe pitisha kamba hapo?"

Alikuwa Aregae, mwenye ploti. Mkali siku zote, lakini jioni hii hakuthubutu kuyasogelea mawe.

"Mama, ni mawe tu..."

"Mawe tu? Hapo nimezika Lochakapong, bwana yangu! Amenyamaza miaka yote. Sasa wewe unaletea yeye sauti ya mwanamke, halafu unauliza mbona inachelewa?" Akashusha sauti. "Anasikiliza. Toa hiyo kitu."

Ayak alivuta waya.

Ukavutwa kutoka chini ya mawe.

Akakaza miguu, akavuta tena akilia kwa hofu. Mara ukachomoka, akaanguka chali. Papo hapo Lual akapiga kelele, "Imeingia! Imeingia yote!"

Ayak alikimbia chumbani, akafungua faili. Lilikuwa kubwa vilevile, halikupungua hata chembe. Wakasikiliza.

Kimya.

Kimya mpaka mwisho. Akarudi mbio dukani. Kompyuta kongwe ilikuwa imekufa, skrini nyeusi tii. Ayak akaketi sakafuni akalia kama siku ile ya mazishi. Stima nayo ikakatika.

Ndipo ikatoka huko nje, uani...

Sauti ya mama. Ule wimbo wake, kwa Kidinka, pole pole. Ukakatika katikati. Mama akacheka, kicheko cha aibu, kama msichana anayesifiwa. Sauti nzito ya mwanaume ikamjibu kwa Kiturkana.

Aregae alikuwa amesimama mlangoni, jiwe mkononi.

"Ambia mama yako," alinong'ona, "atoke kwa bwana yangu."