Mkono wa Binti wa Mfinyanzi

Nyinyi mnaotoka kanisani na mkate wa baraka mkononi, na nyinyi mliobaki nyumbani na watoto, kaeni kidogo niwasimulie habari za nyumba ya mdogo wangu Lamei. Namshukuru Mungu kwamba ninaisimulia naye yuko hai, amekaa pale barazani anamenya vitunguu. Ruhusa amenipa mwenyewe. Alisema, "Dada Tafida, simulia, ila usinipunguzie." Basi sitampunguzia.

Ilikuwa asubuhi moja ya Saumu Kubwa, Kwaresima yetu. Jua lilikuwa limetulia uani, na Istir, mkwe wa Lamei, alikuwa ameshakanda unga na kupanga mikate juu ya visahani vya udongo ili iumuke taratibu kwa joto la jua, kama tufanyavyo sisi watu wa Minya, huku Misri. Njiwa walikuwa wanalia juu ya paa. Balsam, mke wa Lamei, alikuwa anachagua dengu, na mimi nilikuwa nimekuja kuomba chachu, nikakaa, kama kawaida yangu nikienda kuomba kitu. Amani ilikuwepo, unasikia hata maharage yanavyochemka jikoni.

Lamei akatoka chumbani na kanzu yake safi na fimbo, ambayo alituambia siyo ya uzee, ni ya heshima. Akakata ua moja kwa moja. Akakanyaga mkate wa kwanza, akakanyaga wa pili, na uliofuata ukamganda kiatuni.

"Nani kaweka mikate njiani?"

"Baba, imekaa pale pale inapokaa siku zote," Istir akamjibu.

"Labda kwa baba yako. Huko mnamwaga vyungu njiani, watu wanaruka kama mbuzi. Hapa ni nyumbani kwa shemasi."

Baba yake Istir ni mfinyanzi. Lamei hakumtaka binti huyo hata siku moja, lakini mwanawe Safwat alimpenda akamwoa, kisha akaenda Kuwait kutafuta kazi, akamwacha mkewe pale ukweni. Tangu siku ya harusi Lamei hakumwita kwa jina. Akimtaka anasema "wewe," akikasirika anasema "binti wa mfinyanzi."

Istir akapiga magoti, akambandua unga kiatuni. "Na huu nao ale nani, baba? Maana naona unaumuka."

Balsam akaziba mdomo asicheke. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mdogo wangu machoni, nikaona jicho moja lina wingu jeupe, na jingine linatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Jirani zangu, mnamjua Lamei. Tangu ndevu zake zilipoota amekuwa akisoma nyaraka za Mitume kanisani, na sauti yake mnaijua, hata mtoto anayelia hunyamaza. Macho yalipoanza kufifia hakumwambia mtu ila mkewe. Kila Jumamosi Balsam alikaa naye akamsomea somo la kesho, akarudia, akarudia tena, mpaka likamkaa kichwani. Jumapili alisimama na kitabu wazi, mshumaa pembeni, akafunua ukurasa mahali panapopasa kufunuliwa. Sote tulisema amina.

Balsam alimsihi. "Baba Safwat, twende mjini kwa daktari."

"Mungu ndiye anayeniongoza," alimjibu. "Mwenye imani hashikwi mkono na watu."

Lisikilizeni vizuri neno hilo, maana linafanana sana na sala. Kiburi kikivaa nguo za kazini tunakitambua. Kikivaa joho la shemasi tunakibusu mkono.

Wiki ya nne ya saumu Balsam alifiwa na dada yake aliyeishi mji wa Asyut, akaondoka kwenda msibani. Lamei alikuwa asome kwenye misa ya Jumatano. Kabla ya kuondoka Balsam alimvuta Istir jikoni akamfunulia siri. Jumanne alasiri binti akachukua kitabu akaenda kukaa karibu na mkwewe.

"Baba, mama ameniomba nikusomee somo la kesho."

Lamei akamgeukia. "Na kitu gani kingine amekuambia?"

"Nisikutilie sukari nyingi kwenye chai."

"La chai fanya. La somo acha. Kesho ni Jumatano ya wiki ya nne, somo lake nalijua. Nimelisoma wakati wewe unachezea tope."

"Sawa, baba, lakini mwaka huu hiyo Jumatano imeangukia tarehe..."

"Nimesema nalijua."

"Tarehe kumi ya Baramhat, baba. Kesho ni..."

Akagonga fimbo chini. "Binti wa mfinyanzi ndiye wa kunifundisha kalenda ya kanisa?"

Istir akafunga kitabu.

Kwa sisi Wakristo wa Kikopti, saumu huhama kila mwaka, lakini Sikukuu ya Msalaba haihami. Iko tarehe kumi ya mwezi wetu wa Baramhat, na popote inapoangukia ndani ya saumu, masomo ya siku hiyo hubadilika na hata sauti za kuimba huwa za furaha. Lamei alikuwa amehesabu wiki za saumu kama alivyozoea miaka mingine, akasahau kuangalia mwezi. Mwongozo alioletewa mpaka kitini pake aliukatiza katikati ya sentensi.

Asubuhi mimi nilikuwa upande wa wanawake. Kabla ya masomo, mashemasi wakatoka na msalaba umepambwa maua na mirehani, wakauzungusha kanisani kwa wimbo ule wa shangwe. Nilimwona mdogo wangu anavyobadilika uso. Alielewa. Na bado njia ilikuwepo. Pembeni yake walisimama mashemasi wengine. Angempa mmoja kitabu, ingekuwa basi, nani angeshangaa mzee kupumzika siku moja? Baadaye aliniambia kwamba moyoni mwake alisikia neno jepesi kabisa, "Mpe kitabu." Akajibu, "Siyo mbele ya watu."

Akapanda mahali pa kusomea. Akasoma somo la Jumatano ya saumu, lote, kwa sauti tamu, akafunua ukurasa mahali pake. Mbele yake msalaba umejaa maua.

Bibi mmoja akanigusa kiwiko. "Tafida, mbona nduguyo yuko kwenye saumu na sisi tuko kwenye sikukuu?"

Padri wetu, Abuna Bisada, alimwacha amalize. Kisha akasema taratibu, "Asante, shemasi wetu. Sasa tusomewe na somo la Msalaba." Mwingine akasimama akasoma. Hakuna aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Nilimsubiri langoni. "Lamei, nishike bega twende nyumbani."

"Nikushike kwa nini? Macho yangu hayana kitu. Ile mishumaa ina moshi."

"Moshi haubadilishi somo, mdogo wangu."

"Dada, nenda kapike."

Akaikimbia njia ya sokoni, yenye watu, akapita ile ya mashambani kando ya mfereji. Mnakijua kile kigogo cha mtende tunachovukia pale. Wiki hiyo maji yalikuwa yamefunguliwa na wakulima walikisogeza kando kidogo. Lamei akanyosha mguu pale kilipokuwa siku zote.

Mfereji ule si wa kina kirefu, lakini tope lake linavuta. Aliangukia uso. Tope likamjaa machoni na mdomoni, fimbo ikachukuliwa na maji. Alipoinuka hakujua ukingo uko upande gani, akawa anajikokota kuelekea katikati, maji yanapanda, yanamfika kifuani. Ndugu zangu, hapo ndipo heshima ilipokuwa inampeleka mdogo wangu.

Lakini Istir alikuwa nyuma yake. Alimfuata tangu kanisani, viatu mkononi, ili mzee asisikie nyayo akamfukuza. Akaruka majini na nguo zake za sikukuu.

"Nani? Nani huyo?"

"Binti wa mfinyanzi, baba. Tulia. Tope mimi nimelizoea."

Lamei akamshika kwa mikono yote miwili. Maneno aliyoniambia baadaye nayashika mpaka leo. "Dada, maisha yangu yote nimemwomba Mungu aniongoze. Siku aliponyosha mkono, ulikuwa na bangili za kioo."

Nilipofika, Istir alikuwa amemkalisha barazani, anamnawisha macho kwa maji ya mtungi. Mtungi wenyewe ulifinyangwa na baba yake, binti alikuja nao siku ya harusi, na Lamei hakuwahi kuunywea maji. Yale yaliyotiririka kwenye ndevu zake bado yalikuwa ya rangi ya udongo.

Akasema, bila kumgeukia mtu, "Istir."

Mkono wa binti ukasimama.

"Istir, sikuoni. Sijakuona tangu siku uliyoingia nyumba hii."

"Hujakosa kitu, baba," akamjibu huku anaendelea kumnawisha. "Sura yenyewe ya kawaida."

Lamei akacheka, na kicheko kikageuka kilio, akalia kama tulivyolia siku tuliyomzika mama. Tulimwacha alie.

Balsam akarudi kutoka msibani. "Nimeondoka siku chache tu, umeshakwenda kuogelea?" alimwambia, kisha akaketi chini na yeye akalia. Wiki ile ile wakampeleka hospitali mjini. Daktari alimtazama muda mrefu. Jicho la kushoto, akasema, limeuliwa na presha ya ndani, halirudi tena. Mngekuja mapema tungeliwahi. La kulia lina mtoto wa jicho, na hilo tunaliweza. Wakalifanyia upasuaji. Kijijini Abuna aliomba na watu tukaomba, na walipolifungua bandeji, kitu cha kwanza alichokiona mdogo wangu ni Istir ameshika chupa ya dawa.

"Ulinidanganya," akamwambia. "Sura si ya kawaida hata kidogo."

Jicho moja limekwenda. Nililia kwa ajili yake, na nikashukuru kwa ajili ya lile lililobaki, yote kwa siku moja.

Ikaja Jumapili ya Kipofu wa Kuzaliwa, ile ya kubatiza watoto, kanisa zima limejaa vichanga vya nguo nyeupe. Lamei alitoka nyumbani mapema. Kuona alikuwa anaona, daktari alishamruhusu kutembea peke yake. Lakini alimshika Istir mkono tangu mlangoni, na safari hii akapita njia ya sokoni. Kanisani hakupanda kusoma. Alisimama chini na watu wengine, akasikiliza.

Baada ya misa tukawa uani tunakula mkate. Yule bibi aliyenigusa kiwiko hakuweza kujizuia. "Baba Safwat, si tumeambiwa unaona sasa? Mbona unaongozwa kama bibi arusi?"

Watu wakacheka. Lamei naye akacheka, kisha akasema, "Umesikia Injili ya leo, mama? Bwana alimpaka yule kipofu tope machoni, akamtuma akanawe bwawani. Nimeisikia tangu utoto na sikuwahi kujiuliza. Alipotumwa bado alikuwa haoni. Alifikaje bwawani?"

Hata Abuna alisogea asikie.

"Lazima mtu alimshika mkono," akasema Lamei. "Mtu wa kando tu, jina lake halikuandikwa, na kipofu alikubali kushikwa. Angekataa, angebaki na tope usoni mpaka leo, huku anasema Mungu ndiye anayemwongoza." Akainua mkono wa Istir juu kidogo, watu wauone. "Wa kwangu mimi namjua jina. Anaitwa Istir, binti wa Hilal mfinyanzi. Nilikuwa sijawahi kuwaambia."

Hilal mwenyewe alikuwa amesimama karibu na ukuta, mikono nyuma, kama wasimamavyo watu waliozoea kutosalimiwa. Lamei akamwendea, akaumega mkate wake, akampa nusu.

FUNDISHO

Wanangu na jirani zangu, mimi nilisoma madarasa machache tu, sina elimu ya kuwafafanulia Maandiko. Nawaambia nilichokiona. Kumwamini Mungu akuongoze siyo kutembea peke yako kifua mbele. Mungu humwongoza mtu kwa watu, na mara nyingi humtuma yule uliyemdharau, ili katika kumshika mkono upone mara mbili. Kiburi ni ugonjwa unaojificha. Kilimnyang'anya ndugu yangu jicho, kilikuwa njiani kumnyang'anya na roho, na siku zote hizo kilikuwa kinasema maneno ya dini. Kwa hiyo ukiwa huoni, sema sioni. Ukiwa hujui, mpe mwenzako kitabu. Na kama kuna mtu nyumbani mwako ambaye hujamwita kwa jina, mwite leo, usingoje mfereji.

Nami namshukuru Mungu kwa nyumba ile. Asubuhi Istir bado anaweka mikate uani pale pale. Lamei akitoka husimama kizingitini, ingawa jicho lake linaiona vizuri mikate yote, na huita, "Istir, nipite wapi?" Kisha husubiri ajibiwe.