Mistari Myeupe ya Divina

Jumamosi asubuhi, kabla wali wa vitunguu saumu haujapoa mezani, mlango wa gereji ya kina Divina huko Vallejo ulikuwa umeshafunguliwa. Kaka yake Rommel alikuwa na gari dogo jekundu la zamani, na alilipenda kuliko usingizi wake. Divina, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa fundi wake wa pili. Cheo hicho hakupewa bure. Alikuwa akiitazama nati kwa jicho tu, anakupa spana yake bila kukosea.

Siku hiyo walikuwa na kazi kubwa. Rommel alikuwa amenunua shokapu mpya kwake, zile zenye springi na pete za kuzungusha, ambazo mwenye gari huzitumia kulishusha au kulipandisha apendavyo. Hazikutoka dukani. Aliuziwa na Benjie, rafiki yake tangu utotoni, ambaye alikuwa amebadilisha gari na hakuzihitaji tena. Rommel alizifurahia sana, maana vijana wa mtaa walikuwa wamemchosha kwa kumtania kwamba gari lake limesimama kama mbuzi anayechungulia uani kwa watu.

Waliliinua gari kwa jeki, wakaliketisha juu ya stendi nne, wakatoa magurudumu. Shokapu za zamani zilitoka kwa shida, zimeshikwa na kutu. Mpya ziliingia vizuri. Kufikia adhuhuri zote nne zilikuwa zimekaa mahali pake, na kilichobaki kilikuwa kukaza.

Katika kukaza, Rommel alikuwa na sheria moja asiyoilegeza. Kila nati ilikazwa kwa spana ya kipimo mpaka ilie “ta”, ndipo fundi achukue kalamu ya rangi nyeupe na kuchora mstari juu ya nati hiyo.

“Mstari ni neno lako,” alimwambia Divina. “Nikiuona, sirudi kukagua. Nisipouona, nakaza mwenyewe. Umenielewa?”

“Kaka, umeshaniambia hayo mpaka nayaota.”

“Yaote tena. Bibi ananiita nikamsogezee kabati. Maliza, kisha tufunge magurudumu.”

Divina alianza vizuri. Upande wote wa kushoto aliukaza kwa uaminifu, mbele na nyuma, kisha nyuma kulia. Ikabaki mbele kulia. Huko chini kulikuwa na nati mbili kubwa, mahali pabaya, ambapo mtu lazima alale ubavu na kuvuta spana kwa uzito wake wote. Alikuwa amezizungusha kwa vidole tu wakati simu ilipolia. Alikuwa binamu yake Krizia, ambaye sherehe yake ya kutimiza miaka kumi na minane ilikuwa imekaribia, na vijana wa ukoo walikuwa wakifanya mazoezi ya kucheza dansi katika ukumbi wa kanisa.

“Divi, uko wapi? Mwenzako anacheza na hewa huku, watu wanamcheka. Gari la kukuchukua liko nje kwenu.”

Kweli, honi ililia barabarani. Divina alizitazama zile nati mbili. Akimwambia kaka yake kwamba hajamaliza, ataambiwa amalize kwanza. Akiziacha bila mstari, ataitwa arudi. Basi akachukua kalamu, akachora mistari miwili myeupe, iliyonyooka vizuri. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na jambo hilo ndilo lililomwaibisha baadaye kuliko yote.

Rommel alirudi, akamulika tochi kila kona, akaiona mistari. “Safi sana,” alisema. “Nenda kacheze, nitafunga magurudumu mwenyewe.” Divina alikimbia bila kumtazama usoni.

Aliporudi jioni alimkuta Rommel amelala chini ya gari mbele ya gereji, tochi mkononi, uso umekunjamana. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake.

“Linagonga,” Rommel alisema. “Kila nikipita kwenye shimo, go, go, go. Mbele kulia.”

Masikio ya Divina yalipata moto. “Labda… labda kuna kitu kimelegea?”

“Kilegee vipi? Mistari yote ipo, nimeitazama mara mbili. Shokapu ndiyo mbovu. Benjie ameniuzia mzigo mbovu, nami nikamwita ndugu.” Alijifuta mikono kwa hasira. “Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.”

Hapo ndipo Divina alipopaswa kusema. Neno lilimfikia ulimini, likarudi. Alijidanganya kwamba huenda shokapu ni mbovu kweli, akaingia ndani, akajifanya anakunywa maji. 

Benjie alipoitwa alikuja moja kwa moja kutoka kwenye duka la mikate alikofanya kazi, unga ungali kwenye viatu vyake. Alikuwa amembebea Bibi mfuko wa mikate ya moto. Rommel hakumpa hata salamu.

“Ulijua zimekufa ukaniuzia?”

“Rommel, ngoja kwanza. Zimekufa nini?”

“Usinifanye mtoto. Sema tu ulinitapeli.”

Rommel hakuwa akinong’ona, na mtaa ule una masikio. Majirani waliokuwa wakitembeza mbwa walipunguza mwendo. Mzee Ocampo wa nyumba ya juu mlimani alifunga bomba la kumwagilia maua ili asikie vizuri. Divina alitazama kupitia dirishani, akauona uso wa Benjie ukibadilika.

“Mimi nimekula mezani kwa bibi yako tangu sina meno ya mbele,” Benjie alisema taratibu. “Leo nimekuwa tapeli?”

Rommel hakuyarudisha maneno yake. Majirani, walipoona hakuna atakayepigwa, waliondoka mmoja mmoja, na habari yao mkononi.

“Nipe funguo,” Benjie alisema. “Nitaliendesha hadi barabara kuu, mwendo wa kweli. Kama shokapu zangu ni mbovu, nitazing’oa kwa mikono yangu mwenyewe.”

Alichukua funguo, akaingia garini, akawasha. Divina aliusikia mtetemo wa injini. Benjie alikuwa akienda kusafisha jina lake juu ya nati mbili zilizozungushwa kwa vidole tu. Alitoka mbio, akasimama mbele ya boneti.

“Kaka Benjie, zima gari.”

“Divi, toka hapo,” Rommel alisema.

“Zima, nakuomba. Shokapu zako ni nzima. Nati mbili za chini sikuzikaza. Nilichora mistari tu, nikaenda kwenye dansi.”

Injini ilizimwa. Mama yao, muuguzi, alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu, bado na sare yake. Alikuwa ameyasikia yote. Aliuweka mkoba wake chini.

Rommel aliinua gari, akatoa gurudumu, akaweka spana juu ya nati yenye mstari mzuri mweupe. Ilizunguka. Ikazunguka tena, na tena, kabla ya kulia. Ya pili vilevile. Divina alitamani ardhi impasukie. Kisha Rommel akahamia gurudumu la nyuma, akalitoa nalo. Akaenda la tatu, na la nne. Kila nati ililia papo hapo, maana zilikuwa zimekazwa barabara.

“Hizo nilizikaza kweli, Kaka,” Divina alisema kwa sauti ndogo.

“Nitajuaje?” Rommel alijibu. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana ilimchoma.

Alipomaliza alimwendea Benjie, akainamisha kichwa, akamwomba radhi. Divina alipomwona kaka yake akiinama kwa kosa ambalo si lake, machozi yalimtoka. Naye alimwomba Benjie radhi, akikwama katikati ya maneno.

“Yameisha,” Benjie alisema, ingawa hakucheka kama alivyozoea. “Bibi, ile supu ya ukwaju bado ipo, au nimetukanwa na njaa juu?”

Bibi alimvuta ndani kwa mkono. Mama alibaki nje na Divina.

“Unajua kosa lako ni lipi?” alimuuliza.

“Sikukaza nati.”

“Hilo ni dogo. Ungeziacha bila mstari, kaka yako angezikaza, na sasa tungekuwa mezani. Kule wodini, nikichelewa kumpa mgonjwa dawa, wa zamu nyingine humpa. Lakini nikiandika kwamba nimempa na sikumpa, hakuna atakayempa, kwa sababu wote wananiamini. Mtu akiwa mvivu, wenzake huona na kumsaidia. Akidanganya, anawafumba macho wote wanaomwamini, na mtu asiye na hatia anaumia. Kazi usiyoifanya, mwanangu, sema hukuifanya. Utaaibika kidogo, lakini hakuna atakayedhurika.”

“Ndiyo, Mama. Na Kaka ataniamini lini?”

“Utakapokuwa umemwambia kweli nyingi. Anza leo.” Mama alitazama upande wa juu wa mtaa. “Waliomsikia Benjie akiitwa tapeli wameshakwenda kula. Hawakukusikia wewe. Nani atawaambia?”

Divina alifuta uso kwa mkono uliokuwa na grisi.  Alipanda mlima hadi nyumba ya juu kabisa, akabisha hodi. Mzee Ocampo alifungua, kitambaa cha kulia chakula bado kimening’inia shingoni.

“Shikamoo, Mzee. Shokapu alizouza Kaka Benjie ni nzima. Yeye hakumtapeli mtu. Mimi ndiye niliyesema uwongo.”

 “Marahaba,” Mzee alisema. “Nimesikia.”

Divina akashukuru, akashuka hadi mlango wa pili.