Isale Halikataliwi

Elisifa alikuwa ameinama kwenye rundo la mitumba pale sokoni Kiborloni, akitafuta raba nyeupe za kazini. Mguu mmoja ameupata, wa pili haujulikani ulipo. Ndipo akaisikia sauti aliyoikimbia wiki tatu.

"Sista, mwenzake huu hapa."

Filbert, mwalimu wa chuo cha uuguzi. Shati la bluu limenyooshwa pasi, begi la ualimu begani, na tabasamu lilelile lililompotezea akili mwaka jana. Alitamani kumpiga kwa kiatu.

"Simu zangu hupokei, mpenzi."

"Nipokee kwa mkono upi? Wodini wagonjwa arobaini, wauguzi wawili. Wanafunzi wako wanane umewaandikia barua za mapendekezo waende kazini Ujerumani."

"Walihitimu wakakaa nyumbani miaka miwili, Eli. Gladness, mmoja wao, alikuwa anauza vocha Tarakea, cheti kipo ukutani. Hospitali inalia haina wauguzi, wakienda wanaambiwa hakuna nafasi."

"Nafasi nilizipigania mimi, ofisi hadi ofisi. Zilipotoka, nilikwambia wewe wa kwanza."

"Barua zilikuwa zimeshaondoka."

"Na ukanyamaza. Sasa wakubwa wanataka kuleta wauguzi wa nje kwa mkataba. Wazungu wachukue wetu, sisi tuchukue wa jirani. Jirani naye achukue wa nani?"

Muuza mitumba akajifanya anapanga soksi.

Filbert akafungua begi, akatoa jani refu la kijani. Wateja wakatazamana. Mchagga gani asiyejua isale? Ukiletewa unasamehe, hata kama moyo unachemka.

"Hili la tatu," alisema taratibu. "Mawili yamenyauka nikikutafuta. Nilikosea kunyamaza."

Elisifa akakitupa kiatu rundoni. Kumletea isale mbele ya soko zima! Akalipokea, maana halikataliwi.

"Nimekusamehe. Hasira bado ninayo, hiyo mila haijaigusa. Wewe ulikuwa muuguzi kabla ya ualimu. Chuo kinafunga lini?"

"Ijumaa."

"Basi Jumatatu, saa moja asubuhi, wodini kwangu. Mpaka likizo iishe."

"Na posa? Mama anataka kupika pombe ya mbege ya kupeleka kwenu."

"Asubiri."

Jumatatu, saa moja kasoro, alimkuta Filbert kitanda cha kumi na moja, amekunja mikono ya shati, anahangaika peke yake kumgeuza bibi mwenye vidonda mgongoni. Elisifa akavaa glavu, akashika upande wa pili.

"Mwambie mama yako apike hiyo mbege," alisema, bila kumtazama.